Jani Bovu la Kila Kikombe

Benchi lenyewe halina hadhi. Ni mlango wa zamani ulioangushwa juu ya matofali, tundu la kitasa bado lipo, na mgeni asiyelijua hukaa juu yake mara moja tu. Liko kwenye uchochoro kando ya duka la dobi, upande ambao jua hupita bila kubisha hodi. Faida yake ni ukuta. Ndani ya ukuta ule pasi za mvuke zinafanya kazi tangu asubuhi, kwa hiyo ukiegemea unapata joto la bure, na watu wazima wenye viuno vyao hawawezi kukataa joto la bure. Kahawa ni ya dobi mwenyewe, birika moja kwa siku. Likiisha, baraza limefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Hatozi mtu kitu. Sharti lake ni moja, alilisema siku ya kwanza na hajalirudia: kila anayemaliza kikombe aumwagilie mmea wa ukutani kopo moja la maji, kisha aung'oe jani bovu moja. Ndio ushuru wa benchi. Wazee wale wamekwepa mengi katika maisha yao, lakini ushuru huo hawajawahi kuukwepa, na laiti wangeukwepa.

Mmea wenyewe ni haidrenjia ya kutambaa. Dobi aliununua ukiwa mche kwenye mfuko mweusi, mwaka ule alipomhamishia mama yake chumba cha juu. Mama naye alikuwa dobi, tena dobi hasa, wa kuona doa kabla doa lenyewe halijajijua. Kisha presha ya macho ikamwingia kimyakimya. Ikachukua rangi kwanza, halafu nyuso za watu, ikamwachia weupe tu. Shati jeupe kwenye kamba analiona. Sahani nyeupe kwenye meza nyeusi anaiona. Mwanawe akivaa nguo ya bluu hamwoni mpaka aongee.

Siku ile kwenye kitalu cha miche mama alikuwa ameshika mkono wa binti yake, anazungushwa kati ya mistari ya kijani asiyoiona, mara akasimama.

— Huu nauona, akasema.

Majani yake yalikuwa kijani katikati, lakini ukingo wote ulikuwa mweupe wa maziwa, mpana, kama umechovywa. Muuza miche akawaambia kwamba ni mmea wa kivuli, unapanda ukuta wenyewe kwa vimizizi vyake, ila una kichwa kigumu na wasiwe na haraka nao. Mama hakusikiliza hayo.

— Nipandishie mpaka dirishani kwangu, mwanangu. Niamke na kitu cha kutazama.

— Utafika, mama.

— Na watu wasijue nisichokiona. Nani atamletea nguo dobi ambaye mama yake aliyemfundisha kazi haoni?

Dobi akaapa yote mawili. Benchi likaambiwa mama hashuki kwa sababu ya magoti. Daktari alikuwa ameshasema kwamba hata huo weupe unakwenda, polepole, dawa ya matone inauchelewesha tu. Kwa hiyo dobi alikuwa akishindana na kitu, na benchi zima halikujua mashindano ni ya nini. Wao walijua tu kwamba mwanamke yule ameshikilia mmea kama mtu aliyeshikilia kesi.

Basi asubuhi hii ndipo habari ilipopasuka. Wa kwanza kuiona alikuwa fundi bomba, wanayemwita Koki.

— Umegusa, akasema, shingo imemgeuka juu. Kizingiti cha dirisha. Nimeuona mimi, wala sitaki mtu aje kesho aseme ameuona yeye.

Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya uchochoro, akaacha kiti chake kitupu akavuka na taulo begani. Muhuri akasogeza miwani. Huyu ni karani mstaafu, alipiga mihuri maisha yake yote, na hakuna jambo analolikubali mpaka alipitishe.

— Kugusa si kufika, akasema Muhuri. Kiofisi mtu hajafika mpaka apokelewe.

— Nani ataupokea?

— Mwenye dirisha. Mama.

— Haya, tumngoje mama, akasema Wembe. Lakini mimi nataka ijulikane mapema ni kazi ya nani hii. Miaka mmea umekaa pale chini umenuna. Tukaleta mbolea, umenuna. Nikaanza kuukata ncha, kidogokidogo, kila nikipita. Ukaanza kwenda. Nywele usipozikata ncha hazirefuki, nimewaambia wateja mpaka nimechoka.

— Hazirefuki vipi, ukizikata si zinapungua?

— Ndiyo maana wewe una upara, Koki.

— Mimi upara wangu ni wa ukoo. Sikiliza bwana, kitu kinachopanda juu kinataka presha. Maji hayapandi kwa kupenda. Mimi nilibadilisha koki ya uani hapa, presha ikakaa sawa, wiki ile ile mmea ukaanza kupanda. Sasa unataka ushahidi gani tena? Damu nzito kuliko maji.

— Damu imeingiaje?

— Nzito haipandi, nyepesi inapanda. Ni methali, ifikirie.

Ndani, dobi alikuwa anapiga pasi kola ya shati na masikio yake yako uchochoroni. Dirisha dogo la duka linatazamana na benchi, lakini mvuke hulifunika, kwa hiyo huwasikia bila kuwaona. Alikuwa ameshauona mmea kabla yao wote. Alfajiri, kabla hajawasha jiko, alisimama pale chini na kutazama juu, na moyo wake ukafurahi nusu. Nusu nyingine ilikataa. Tawi lililofika juu lilikuwa na majani makubwa, yenye afya, yanang'aa, na yote kijani.

Si kwamba hakuwahi kuliona jambo hilo. Aliliona mwaka jana tawi lile lilipoanza kukimbia. Aliuliza benchi, bila kusema kwa nini anauliza, mbona huku juu hakuna weupe. Muhuri akampa jibu papo hapo: weupe ni wa uzee, kama mvi, tawi changa litoe wapi mvi? Ngoja likomae. Dobi alilishika jibu hilo kwa mikono miwili kwa sababu ndilo alilotaka kulisikia. Tangu hapo akawa anatazama ncha tu, imefika wapi, imebakiza nini, na kila iliposogea alisema moyoni weupe utakuja.

Nje, mazungumzo yalikuwa yameshapamba moto.

— Mimi naukubali mchango wenu, alikuwa anasema Muhuri, lakini mmeacha jambo la msingi. Mmea ule niliuonya.

— Uliuonya?

— Kwa mdomo mara ya kwanza. Mara ya pili kwa ukali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe nilimpa.

— Jembe gani?

— Nilichimbuachimbua pale shinani, kidogo tu, ajue kuna watu.

Sauti ya dobi ikapita kwenye mvuke:

— Nani kachimbua shinani?

Koki akatazama viatu vyake. Wembe akatazama viatu vya Koki.

— Ni methali tu, akajibu Muhuri. Tunaelezana maana ya methali.

Wakangoja mpaka pasi ilipolia tena, ndipo wakaendelea kwa sauti ya chini.

— Mimi nitawaambia kitu, akasema Koki, lakini msicheke. Mmea huu unakula wanga.

— Haya.

— Maji tunayoumwagia tunayatoa wapi? Humo humo dukani. Maji ya suuza. Humo mna wanga wa mashati. Sasa shati ukilitia wanga linafanyaje? Linasimama. Na mmea umesimama. Mimi nisingeshangaa siku moja ukutwe umekunjwa kwenye kabati pamoja na suruali za watu.

— Wanga peke yake haupandishi, akasema Wembe. Ni kahawa. Makapi tunamwaga wapi? Pale pale. Sisi tukienda kulala, wenyewe uko macho, hauna la kufanya, unapanda. Mimi mwenyewe nikinywa vikombe viwili jioni naweza kupanda ukuta.

— Nyote mko mbali, akasema Muhuri, akaweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeweka faili. Mmea ule unatusikia. Kila siku tunasema mambo ya watu hapa. Nani kahama kwake, nani kakataliwa wapi. Juu kuna mama wa watu, mkimya, hashuki. Unadhani unapanda kwenda wapi? Unampelekea taarifa.

Wakauangalia mmea kwa hofu kidogo. Upepo ukapita na majani ya juu yakatikisika.

— Umeona, akasema Muhuri. Unakubali.

Wembe akamaliza kikombe chake. Akainuka, akachota kopo la maji kwenye ndoo, akamwaga shinani kwa upole wa mtu anayemwosha mteja kichwa. Kisha akainama kutafuta jani bovu. Siku hizi kazi hiyo imekuwa ngumu, majani mabovu yameadimika. Akapekua, akapekua, mpaka akalipata moja chini kabisa, dogo, ukingo wote mweupe. Akaling'oa.

— Hili nalo lina ukoma wake. Tazama. Ukingo wote umekufa damu.

— Ng'oa, akasema Muhuri. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

— Mnakumbuka ulivyokuja? akasema Koki. Mmea mzima ulikuwa umejaa ugonjwa huu. Hakuna jani lililopona. Nilimhurumia dobi, nikasema huyu ameuziwa maiti.

— Na leo tazama juu pale. Kijani safi. Hakuna doa.

— Tumeutibu, akasema Wembe. Mimi huwa siwi na majivuno, lakini tumeutibu.

Walikuwa wanasema kweli yao. Hawa ni watu ambao kwa miaka wamenywa kahawa ya dobi, wamekaa na mgongo kwenye joto lake, wakamsikia ndani humo akihangaika na madoa ya watu. Walichojifunza kwake ni hicho kimoja: kitu kikiwa na doa, doa litoke. Wakang'oa jani kwa jani, kikombe kwa kikombe, kwa mapenzi matupu.

Dobi akatoka na birika, akawamiminia kahawa iliyobaki. Alikuwa amejifuta uso na kuvaa gauni lake jeupe, lile ambalo mama huliona. Wembe bado alikuwa na lile jani kati ya vidole, analizungusha. Dobi hakumtazama mikono. Macho yake yalikuwa juu.

— Nyamazeni kidogo, akasema. Nataka kumwita mama.

— Umeshamwambia?

— Nilimwambia jana kwamba leo utafika. Hajalala.

Akasimama katikati ya uchochoro, akapaza sauti.

— Mama. Fungua dirisha. Umefika.

Dirisha likafunguka taratibu. Mama akatokea, kilemba chake kimefungwa vizuri kama mtu anayetoka. Benchi zima likainuka, kila mmoja akasalimia kwa wakati wake, shikamoo zikagongana. Mama aliweka mikono juu ya kizingiti akainama mbele. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Jani kubwa la kijani lilikuwa karibu na kidole chake gumba, likitikisika, na yeye akatazama palepale lilipo, kisha akapita. Akatazama tena, muda mrefu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akafunga dirisha.

— Furaha imemzidi, akasema Koki.

— Machozi, akasema Wembe. Wazazi wa zamani hawalii mbele za watu.

— Ameenda kuchukua kalamu, akasema Muhuri.

Ile nusu ya moyo wa dobi iliyokuwa imekataa tangu alfajiri sasa ilikuwa imekuwa moyo mzima. Alijua mama hakufurahi. Alitaka kupanda ngazi, lakini kabla hajainua mguu wakasikia kitu ambacho benchi lile halijawahi kukisikia. Fimbo kwenye ngazi. Hatua, fimbo. Hatua, fimbo.

— Magoti, akanong'ona Koki. Si tuliambiwa magoti?

Mama akatokea kwenye mlango wa uchochoro, mkono mmoja ukutani. Hakukuwa na shida yoyote kwenye magoti yake. Alitembea wima akifuata ukuta mpaka fimbo ilipogonga tofali la benchi.

— Shikamoo mama, wakasema wote.

— Marahaba. Ni nyinyi watatu tu? Kwa kelele za kila siku nilidhani ni kikao cha bunge.

Wakacheka kwa adabu, wakampisha. Muhuri akapangusa ubao kwa mkono na kumwonya kuhusu tundu la kitasa. Mama hakukaa.

— Mwanangu amesema umefika, akasema. Nyinyi nimewasikia mnasema umefika, na kila mmoja ameufikisha yeye. Nimetazama. Nimetazama kwa nguvu zote nilizonazo. Mbona siuoni?

— Upo, mama, akasema Koki haraka. Upo palepale dirishani. Ni kijani, umeshiba, majani kama viganja—

— Kijani sikioni, baba.

Koki akashusha mkono aliokuwa ameuelekeza juu.

— Nilimkataza binti yangu asiwaambie, sasa nawaambia mwenyewe. Mimi sioni. Kilichobaki ni weupe tu. Mmea huu niliuchagua kwa sababu niliuona. Ulikuwa kwenye mfuko, mdogo hivi, na niliuona. Sasa nyinyi ndio mnaokaa nao mchana kutwa. Niambieni, weupe wake uko wapi?

Koki alivuta pumzi akairudisha. Muhuri alifungua mdomo, na ilionekana wazi kwamba methali ilikuwa inakuja, lakini ilifika katikati ya koo ikageuza njia. Ndani ya duka tangi la pasi lilikuwa linachemka bila mtu. Dobi alitazama chini ya benchi, kwenye kopo la taka, na mle ndani akaona mabaki ya wiki: majani makavu, majani mabichi, na yote yenye ukingo mweupe.

Mama akageuza uso kuelekea upande wa kinyozi.

— Wewe, akasema. Hicho ulichoshika mkononi nakiona.

Wembe akatazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akaunyoosha mkono. Mama akalipokea lile jani dogo, akaliinua mpaka karibu na jicho, akalizungusha ukingo wote taratibu, akalishika kifuani.

— Tulidhani ni ugonjwa, mama, akasema Wembe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wallahi tulidhani tunautibu.

Dobi alipandwa na hasira. Alitaka kuwafukuza wote watatu, avunje benchi, ayatupe matofali. Kisha akakumbuka sharti ni la nani. Yeye ndiye aliyesema jani bovu, na hakusema bovu ni lipi. Na aliyeambiwa na muuza miche ni yeye, si wao. Sasa yalimrudia maneno ya yule mtu, aliyoyasikia siku ile akiwa anahesabu chenji: tawi likikutokea kijani tupu, likate mapema, lina nguvu kuliko mwenzake na litamnyima chakula mpaka afe. Yeye akaliona tawi la kijani tupu akalishangilia. Aibu ikamshika mpaka masikio.

Haikumshika kwa muda mrefu. Huyu ni mwanamke ambaye akiunguza shati la mtu hulia akiwa anatafuta kitambaa cha kulishona. Akapiga magoti.

— Sogeeni, akasema.

Akapekua shinani. Kijani. Akainua matawi yaliyolala. Kijani. Akafika kwenye bomba la maji ya mvua lililoteremka kona ya ukuta, akaingiza mkono nyuma yake, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye benchi hafikishi mkono wala jicho. Hapo vidole vyake vikakutana na kitu kilichong'ang'ania ukuta. Akasogeza kichwa. Ni kitawi kisichozidi urefu wa mkono wake mpaka kiwiko, chembamba, kimejibana kati ya bomba na ukuta kama mtu anayejificha mvua. Majani yake yalikuwa na ukingo mweupe, mpana, wa maziwa.

— Kipo, akasema. Mama, kimoja kipo.

Akainuka akaingia dukani, akarudi na mkasi mkubwa wa kitambaa.

— Unataka kufanya nini? akauliza Muhuri.

— Kulikata hili kubwa.

— Lipi?

— Hili lililofika.

Benchi likasogea mbele kama mtu mmoja.

— Hapana, akasema Koki. Hapana bwana. Miaka yote hii. Leo leo?

— Liachwe basi, na lile dogo liachwe, akasema Muhuri. Mtaka yote hukosa yote, kwa hiyo—

Akasita. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake, na ilikuwa inamshinda mwenyewe.

— Mawili hayatakaa, akasema dobi. Hili kubwa linakula chakula cha dogo. Hili si la mama. Ni letu, la kupiga makofi.

— Basi nipe mimi nikate, akasema Wembe. Kazi ni yangu.

— Wewe leo hukati kitu.

Akaushika ule mkasi kwa mikono miwili. Shina la tawi lilikuwa nene kuliko alivyotarajia, na alipobana mara ya kwanza halikukatika. Akabana tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Lilipokatika lilitoa mlio mdogo, na hakuna kilichoanguka. Tawi lilibaki limesimama ukutani kama halijaambiwa.

— Limeshika kwa vimizizi, akasema Koki. Akavuta pumzi ndefu. Ngojeni nilete ngazi yangu.

Wakalibandua. Koki juu ya ngazi, Wembe katikati, Muhuri chini akipokea na kukunja. Lilitoka kwa shida, kidogo kidogo, na kila lilipobanduka liliacha mstari wa vidoa vya kahawia kutoka shinani mpaka dirishani. Koki akauliza kama alete brashi.

— Acha, akasema dobi. Lipite njia hiyohiyo lile lingine.

Mama alikuwa amefuata ukuta mpaka kwenye bomba, akainama, akaingiza uso nyuma yake. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaupitisha ukucha kwenye ukingo wa jani, kama alivyokuwa akikagua kola za mashati zamani, kabla ya kumruhusu binti yake ayakunje.

— Hili si doa, mwanangu, akasema. Usilitoe.

— Sitalitoa, mama.

— Litachukua muda mpaka juu.

— Litachukua.

— Miaka?

Dobi alitaka kudanganya. Aliliandaa neno kabisa, likafika kwenye ulimi.

— Miaka, mama.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Wote wawili walijua daktari amesema nini, na benchi, ambalo halikuwa linajua, likajua hapo hapo kwa namna walivyonyamaza.

— Basi huko juu sitangojea, akasema mama. Nishushie kiti changu. Kile chenye mikono.

— Hapa uchochoroni?

— Hapa. Kama lenyewe liko chini, mimi juu nafanya nini? Siku likianza kupanda na mimi nitapanda.

Wembe na Koki wakakimbilia ngazini kabla hawajatumwa, wakarudi na kiti wakigombania nani ashike miguu. Wakakiweka kando ya bomba. Mama akakaa, fimbo magotini, uso kwenye kile kitawi. Muhuri akaona ni wajibu wake kutangaza sharti jipya, kwamba kuanzia leo ushuru ni maji tu, na atakayegusa jani atashughulikiwa. Wakapitisha bila mjadala. Kisha, kwa mazoea, akachukua kikombe kwa ajili ya mama, akainamisha birika juu yake. Likatoa tone moja.

— Limeisha, akasema.

Kwa kanuni ya siku zote baraza lilikuwa limefungwa. Walitazamana. Hakuna aliyenyanyuka. Dobi akachukua birika mkononi mwa Muhuri, akaingia ndani, na wakasikia kitu kingine ambacho hawajawahi kukisikia: maji yanajazwa mara ya pili.

Benchi likajaribu kurudi kwenye hali yake. Koki akanyoosha miguu, akakohoa, akasema yeye kwa mtazamo wake kitawi kile kinataka presha.

— Wewe wa mabomba, akasema mama.

— Naam, mama.

— Sogeza mguu. Unanizibia.